Baada ya Tiba ya Saratani ya Utumbo Mpana: Mwenendo wa Maisha na Hatari ya Ugonjwa Kurejea

Mada iliyotolewa na mganga wa kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza mbele ya wakazi wa kata za mwambao wa Ziwa Nyasa, Wilaya ya Kyela



Nimeombwa kujibu swali ambalo huulizwa kliniki kwa sauti ya chini, mara nyingi wakati mgonjwa amekwisha kuinuka kitini ili aondoke. Swali lenyewe ni hili: ndugu yetu amefanyiwa upasuaji wa utumbo mpana, amemaliza dawa, amerudi nyumbani, je, afanye nini ili ugonjwa usirudi? Swali hili lina uzito mkubwa. Ili kufika mwisho wa tiba, familia nyingine imeuza ng'ombe, nyingine imekodisha shamba la mpunga, na nyingine imeuza kakao ikiwa bado mtini. Anayeuliza anataka kujua kama kuna lolote lililobaki mikononi mwake. Jibu langu ni kwamba lipo. Si dogo, wala halitoshi peke yake. Naomba mnivumilie nilieleze kwa utaratibu.

Kwa nini saratani hurejea

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, ambamo maji hufyonzwa na mabaki hugeuka kuwa choo, kisha hutoka kupitia njia ya haja kubwa. Saratani ya sehemu hii huanza, mara nyingi, kama kivimbe kidogo katika ukuta wa ndani wa utumbo. Kivimbe hicho huweza kukaa miaka mingi bila maumivu kabla ya kubadilika. Mwaka 2022 ilikadiriwa kwamba watu milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 900,000 walifariki kwayo. Ni ya tatu kwa wingi miongoni mwa saratani zote, na ya pili kwa kuua.

Daktari mpasuaji huondoa kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na tezi zilizo karibu. Huondoa kile kinachoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Lakini huenda chembechembe chache zilikwisha kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye ini au mapafu kabla ya siku ya upasuaji. Dawa za saratani, na kwa baadhi ya wagonjwa mionzi, hutolewa ili kuziua chembechembe hizo. Zikibaki, huweza kuota tena. Ndiyo maana ugonjwa unaporejea, mara nyingi hurejea katika miaka mitatu ya mwanzo. Na ukipita mwaka wa tano bila dalili, hatari hupungua sana.

Kwa hiyo, tunapozungumzia mwenendo wa maisha baada ya tiba, tunazungumzia mazingira ambamo chembechembe hizo zinajikuta. Mwili wenye sukari nyingi katika damu, wenye mafuta mengi kiunoni, usiotembea, wenye moshi na pombe, ni udongo tofauti na mwili unaotembea na kula vizuri. Mkulima wa mpunga anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Somo lililoanzia Afrika Mashariki

Wengi hudhani elimu ya chakula na saratani ya utumbo imeletwa kwetu kutoka nchi za mbali. Sehemu kubwa ya fikra hiyo ilizaliwa jirani yetu, Uganda. Dk. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi huko kwa takriban miaka 20, sehemu kubwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, ambayo ilikuwa ya kawaida sana Uingereza, ilikuwa nadra katika wodi za Afrika. Mwaka 1971 alichapisha makala akieleza kwamba huenda sababu ni chakula: watu wa vijijini Afrika walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi ambavyo havijakobolewa, choo chao kilikuwa kingi na laini, na kilipita haraka.

Ni kweli kwamba miaka ile wengi walifariki bila kupimwa, na wachache walifikia umri ambao saratani hii hupenda kujitokeza. Hata hivyo, utafiti wa baadaye uliendelea kuunga mkono kiini cha hoja yake. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambamo Wamarekani weusi 20 na wakazi 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Hawakuwa wagonjwa. Wamarekani waliokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi, dalili za uchochezi katika utumbo wao zilipungua; Waafrika waliokula chakula chenye nyama na mafuta mengi, dalili hizo ziliongezeka. Wiki mbili! Hili lituonye, na pia litutie moyo, kwa sababu utumbo hausubiri miaka kumi kuitikia kile tunachoulisha.

Kutembea ni sehemu ya tiba

Nianze na jambo lenye ushahidi mzito kuliko yote. Mwezi Juni mwaka 2025, jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio lililochukua zaidi ya miaka 15, hasa katika nchi za Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, ambao walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza dawa, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa kijitabu cha elimu ya afya. Kundi la pili lilipewa kijitabu hichohicho pamoja na mtu wa kuwaongoza katika mazoezi kwa miaka mitatu.

Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 wa kundi la kijitabu, takriban 74 walikuwa hai bila ugonjwa kurejea wala saratani nyingine kujitokeza. Katika kundi la mazoezi walikuwa 80. Baada ya miaka minane, waliokuwa hai walikuwa 83 katika kila 100 upande wa kijitabu, na 90 upande wa mazoezi. Yaani katika kila wagonjwa 100, saba zaidi walikuwa bado wanaketi na familia zao. Zipo dawa za gharama kubwa ambazo hazifikii tofauti hiyo.

Mtauliza, mazoezi gani hayo? Wengi walitembea tu. Lengo lilikuwa kuongeza kiasi kinachokaribia mwendo wa haraka wa dakika 45 hadi 60, mara tatu au nne kwa wiki. Mwendo wa haraka ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Anayeshindwa dakika 45 aanze na 10, na wiki ijayo aongeze tano.

Ndugu zangu, Mungu ametupa bonde tambarare. Baba zetu walifika kila mahali kwa baiskeli: sokoni, kanisani, shambani, hata kubeba mgonjwa. Leo baiskeli bado zipo, lakini mtu mzima mwenye afya huita bodaboda kwa umbali ambao bibi yake aliutembea na ndoo kichwani. Kwa aliyemaliza tiba, baiskeli ile iliyoegemezwa ukutani ina thamani mpya. Walio karibu na ufukwe wanaweza kutembea mchangani, kwa mfano kutoka Matema kuelekea Lyulilo; walio bara wanaweza kufuata barabara za mashambani. Joto letu ni kali, hivyo tutembee alfajiri au jua likishuka, tunywe maji ya kutosha, na wakati wa masika mito inapofurika tutembee palipo salama, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule.

Zipo tahadhari. Anayetoka kwenye upasuaji asianze kabla daktari hajamruhusu, na asinyanyue mzigo mzito, maana gunia la mpunga huweza kufungua kidonda cha ndani na kuleta ngiri. Anayebeba mfuko wa choo tumboni anaweza kutembea kama wengine, ila aulize kuhusu mkanda wa kuushikilia. Baadhi ya dawa za saratani huacha ganzi katika nyayo na vidole. Mwenye ganzi avae viatu vilivyofunika mguu na asikanyage matope peku, kwa sababu anaweza kujikata asisikie. Hata katika jaribio nililolitaja, maumivu ya misuli na viungo yalikuwa mengi zaidi kwa waliofanya mazoezi. Kwa hiyo twende polepole, lakini twende.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu upendo wetu, wakati mwingine, hufanya kinyume. Mgonjwa akirudi nyumbani tunamwekea kiti kivulini, tunamnyang'anya jembe, ndoo na hata ufagio, tunamwambia: pumzika, baba, wewe ni mgonjwa. Mwezi unakuwa mwaka. Nia ni njema, lakini misuli inanyauka. Baada ya majuma ya mwanzo, heshima kubwa kwa mgonjwa ni kumsindikiza atembee.

Chakula kilicho mezani petu

Jambo la pili ni chakula. Hapa ushahidi umetokana zaidi na kuwafuatilia wagonjwa na kulinganisha wanavyokula, hivyo hauna nguvu sawa na jaribio la mazoezi. Lakini unaelekea upande mmoja kwa uthabiti. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 1,009 wa Marekani ambao saratani yao ilikuwa imefika kwenye tezi. Wale waliokula zaidi nyama nyekundu, nyama za viwandani, vyakula vya kukaanga, unga uliokobolewa na vitu vitamu, walipatwa na kurejea kwa ugonjwa au kifo zaidi ya mara tatu ukilinganisha na waliovila kwa uchache kabisa. Mwaka 2014, utafiti mwingine wa wagonjwa wa hatua hiyohiyo ulionesha kwamba waliokunywa vinywaji vyenye sukari mara mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurejea au kufariki kuliko ambao hawakuvinywa, au walivinywa kwa nadra. Na mwaka 2018, kwa kuwafuatilia wagonjwa 1,575, ilionekana kwamba kila gramu tano za nyuzinyuzi zilizoongezwa katika chakula cha siku ziliambatana na upungufu wa asilimia 22 wa vifo vitokanavyo na saratani hiyo.

Tuyalete maneno hayo jikoni kwetu. Gramu tano za nyuzinyuzi ni kama kikombe kidogo cha maharage yaliyopikwa. Kwa hiyo hatuzungumzii vyakula vya dukani vyenye majina magumu. Tunazungumzia maharage na kunde, matembele, kisamvu na majani ya maboga, ndizi za kupika, magimbi, mihogo, mapapai na maembe ya msimu. Tunazungumzia ugali wa dona badala ya sembe. Mchele wa Kyela unasifika nchi nzima kwa harufu na ladha, nami sithubutu kusimama hapa na kumkataza mtu wa Kyela wali. Nasema tu kwamba kinachobaki mashineni kama pumba ndicho chenye nyuzinyuzi, na kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi. Anayeweza kupata mchele usiokobolewa sana na ale huo. Asiyeweza, apunguze kilima cha wali sahanini na aongeze maharage na mboga ubavuni.

Kitoweo tunacho. Usipa, mbasa na kambale kutoka ziwani ni bora kwa mgonjwa aliyemaliza tiba kuliko nyama ya kila siku, mradi visikaangwe katika mafuta mengi. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe, si sumu. Iliwe kwa kiasi, mara moja au mbili kwa wiki. Najua misiba yetu hapa huambatana na kuchinja ng'ombe, na aliyealikwa hawezi kusukuma sahani. Kula kipande kimoja kwa heshima ya wafiwa, kisha jaza sahani kwa ndizi na mboga. Soseji na nyama nyingine za viwandani afadhali kuziacha kabisa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka mwaka 2015 katika orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani.

Korosho nazo zastahili neno moja. Utafiti wa wagonjwa 826 uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba waliokula njugu za miti, ambazo korosho ni mojawapo, angalau mara mbili kwa wiki walikuwa na ugonjwa kurejea kwa uchache zaidi. Karanga hazikuonesha tofauti hiyo. Kiganja kimoja cha korosho zisizotiwa chumvi kinatosha.

Kuna desturi ninayoomba tuiache. Mgonjwa akitoka hospitali, wageni humletea katoni ya soda ili arudishe damu. Soda hairudishi damu. Chupa moja ina sukari nyingi, na kwa ugonjwa huu inaweza kuwa inatenda kinyume cha kile mgeni alichokusudia. Anayetaka kumletea mgonjwa zawadi amletee mkungu wa ndizi, samaki, mayai au maharage.

Tena kuna tahadhari. Aliyepasuliwa karibuni, aliyepigwa mionzi, au mwenye mfuko wa choo, aongeze nyuzinyuzi kidogokidogo, atafune vizuri na anywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi au kuziba. Na asiye na hamu ya kula, aliyekonda, asijinyime chakula kwa kuogopa saratani. Kukonda kupita kiasi kuna hatari yake. Huyo apewe uji wa lishe, samaki na mayai, na apelekwe kwa mtaalamu wa lishe wa hospitali.

Pombe, tumbaku na dawa za kujinunulia

Pombe ni miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani ya utumbo mpana. Saratani haibagui pombe ya chupa, komoni wala gongo. Kileo ni kilekile. Kwa aliyemaliza tiba, ushauri wangu ni kuacha. Asiyeweza kuacha leo, apunguze leo, na aje tumsaidie. Anayeketi na wenzake kilabuni aendelee kuketi nao ikiwa anapenda mazungumzo, ila kikombe chake kiwe cha maji au togwa isiyochacha, yenye sukari kidogo. Nanyi wenzake, msimcheke.

Tumbaku nayo, iwe sigara, ugoro au ya kusokota, iachwe. Wavutaji waliotibiwa saratani hii hufariki mapema zaidi kuliko wasiovuta, na vidonda vyao hupona kwa shida. Kuacha baada ya kugunduliwa ugonjwa bado kuna faida. Hakuna siku ambayo tunaweza kusema imekuwa kuchelewa mno.

Kuhusu dawa, wengi huniuliza juu ya aspirini. Ni kweli kwamba mwaka 2025 ulichapishwa utafiti ulioonesha kuwa aspirini kwa kiwango kidogo ilipunguza kurejea kwa ugonjwa. Lakini ilikuwa kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na badiliko maalumu la vinasaba, na hilo hujulikana kwa kipimo cha maabara. Aspirini huweza kusababisha damu kuvuja tumboni. Usijinunulie dukani, muulize daktari anayekutibu. Vivyo hivyo vidonge vya vitamini na dawa za mitishamba: hakuna iliyothibitishwa kuzuia saratani hii kurudi, na baadhi huumiza ini au kugongana na dawa za hospitali. Anayezitumia asitufiche. Hatutamgombeza, tunahitaji kujua tu.

Kliniki haibadilishwi na chochote

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, nikiulizwa ni lipi hatari zaidi katika kata zetu, ningelitaja kabla ya soda na nyama. Ni kuacha kwenda kliniki. Mgonjwa amepata nguvu, anakula, analima. Nauli ya kwenda Mbeya au Dar es Salaam ni kubwa. Anajiambia: nimepona, nitakwenda nikijisikia vibaya. Lakini saratani inayorejea kwenye ini au mapafu haiumi mwanzoni. Ikigunduliwa ikiwa ndogo, mara nyingine inaweza kuondolewa kwa upasuaji na mtu akaishi miaka mingi. Akisubiri hadi aumwe, nafasi hiyo mara nyingi imekwisha kupita.

Kwa kawaida, katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo mgonjwa huonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Hupimwa damu kwa kipimo kiitwacho CEA, hupigwa picha za CT za kifua na tumbo, na takriban mwaka mmoja baada ya upasuaji utumbo huangaliwa kwa kamera nyembamba. Ratiba ya kila mtu huandikwa na daktari wake. Itunzeni karatasi hiyo kama mnavyotunza hati ya shamba.

Kwa huduma za karibu, anzieni zahanati yenu au kituo cha afya. Hospitali ya Wilaya ya Kyela na Hospitali ya Matema huweza kumwona mgonjwa, kutibu matatizo ya kila siku na kuandika rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ngazi inayofuata, na kutoka huko mgonjwa huweza kupelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kila mnapokwenda chukueni barua ya rufaa, majibu ya zamani na kadi ya bima. Aliyeshindwa gharama asikae kimya nyumbani: aende kwanza kwa Mtendaji wa Kata na kwa afisa ustawi wa jamii, ili hali yake ijulikane mapema, kabla ya tarehe ya kliniki kupita.

Usisubiri tarehe ukiona mojawapo ya haya: damu katika choo, kufunga choo au kuharisha kwa majuma kadhaa bila sababu, kukonda, maumivu ya tumbo yasiyoisha, uvimbe mpya, macho kuwa ya njano, au kikohozi kisichokoma. Na hili ni kwa kila aliyepo hapa, hata ambaye hajawahi kuugua: damu katika choo isiitwe bawasiri, amiba au kichocho kabla ya kupimwa. Huenda ikawa hayo, na huenda isiwe. Wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko wengine, hivyo wao wamweleze daktari historia hiyo na kuanza kuchunguzwa mapema.

Tusimlaumu aliyerudiwa

Kabla ya kumaliza, naomba niseme neno kwa familia ambazo ugonjwa umerudi ijapokuwa mgonjwa wao alitembea, alikula vizuri na hakunywa pombe. Kumbukeni hesabu niliyoitoa. Hata katika kundi la mazoezi, katika kila wagonjwa 100, takriban 20 walirudiwa na ugonjwa, walipata saratani nyingine au walifariki ndani ya miaka mitano. Hao hawakufanya kosa. Mwenendo mzuri hupunguza hatari, hauifuti. Yeyote anayemwambia mgonjwa kwamba amejirudishia saratani kwa kula wali, au kwamba amerogwa, anamwongezea mzigo mtu ambaye amekwisha kuelemewa. Mgonjwa aliyerudiwa bado ana tiba, bado ana haki ya kupunguziwa maumivu, na bado anahitaji kutembelewa.

Na sasa neno langu la mwisho kwa wakazi wote. Rejeeni lile jaribio la wagonjwa 889. Makundi yote mawili yalipewa maandishi. Tofauti kati yao ilikuwa mtu: mtu wa kumwongoza mgonjwa, kumuuliza wiki hii ametembea mara ngapi, na kumtia moyo alipochoka. Mazungumzo haya yatachapishwa katika jarida la Halmashauri, na nafurahi. Lakini jarida ni kijitabu tu. Kata zetu hazina wataalamu wa mazoezi wa kutosha kumfuata kila mgonjwa. Tunao wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, kwaya, vikundi vya akina mama, vikundi vya kuweka na kukopa, na majirani.

Kwa hiyo natoa ombi moja mahususi. Kila kitongoji chenye mtu aliyemaliza tiba ya saratani, kwa ridhaa yake mwenyewe, kimpatie mwenza mmoja. Mwenza huyo ampitie alfajiri mara tatu au nne kwa wiki watembee pamoja. Ajue tarehe yake ya kliniki, na juma moja kabla ya tarehe hiyo amkumbushe na kuuliza kama nauli ipo. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo, wala mwongozo kutoka wizarani. Anahitajika mtu mwenye miguu miwili na moyo. Nimewaona watu wa bonde hili wakivuna shamba la jirani aliyefiwa kabla hawajavuna la kwao. Sina shaka kwamba dakika 45 za alfajiri hazitawashinda.

Wanaotaka kujiandikisha kuwa wenza, wabaki kidogo na wahudumu wa afya baada ya mkutano. Walio na maswali ya faragha, nitakuwa hapa chini ya mwembe hadi wa mwisho aondoke.